Mtahiniwa Aliyekosa Jiografia

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumatatu tarehe 1 Machi 1982, karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa Shule ya Sekondari ya Harambee ya Kirumbi, kilomita tatu kutoka Mraru. Ilikuwa na majina kumi na manane na, mbele ya kila jina, gredi saba za mtihani wa kidato cha nne. Jina la mwisho lilikuwa Tryphena Wakesho. Kwenye safu ya Jiografia, mbele ya jina hilo, hapakuwa na gredi. Palikuwa na herufi X, alama ya mtahiniwa ambaye hakufika. Pembeni paliandikwa: Ameanguka.

Tryphena alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amefanya karatasi zote mbili za Jiografia. Hakulia. Aliingia katika ofisi ya mwalimu mkuu, Hudson Mwakisha, akatoka baada ya dakika nne.

Kesho yake saa nne na robo alikuwa amesimama mbele ya meza ya Priscilla Mbithe katika ofisi ya elimu mjini Voi.

Priscilla alikuwa karani wa takwimu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akijumlisha wanafunzi wangapi wameandikishwa, walimu wangapi wapo, na wangapi wamefaulu. Aliwajua walimu wakuu waliowaacha kwenye rejista watoto waliokwisha kuhama ili shule ionekane imejaa. Watu walisema hana huruma. Ukweli ni kwamba hakuwa na subira na hesabu ya uongo.

"Mwalimu mkuu alikuambiaje?" aliuliza.

"Alisema karatasi yangu ilipotea njiani. Akasema ni mapenzi ya Mungu."

"Mungu hasahihishi Jiografia. Kaa chini. Karatasi ya kwanza uliifanya lini?"

"Jumatano, tarehe nne Novemba. Ya pili Alhamisi, tarehe tano, saa mbili na nusu asubuhi."

"Ya pili ilikuwa na nini?"

"Ramani, na picha ya shamba la mkonge. Niliacha swali la nne peke yake."

"Uliandika jina lako juu?"

"La. Mwalimu mkuu alitukataza. Alisema tuandike namba tu, na atakayeandika jina atafutiwa mtihani."

Kanuni ilitaka jina na namba. Priscilla aliliandika jibu hilo akalipigia mstari.

"Namba yako?"

"Sifuri sifuri moja. Shuleni kwetu anayeongoza mtihani wa majaribio wa mwezi wa pili ndiye namba moja. Wa pili, namba mbili, mpaka wa mwisho. Ni kila mwaka hivyo."

"Na uliongoza?"

Tryphena alimtazama kana kwamba ameulizwa kama ana pua. "Niliongoza tangu kidato cha kwanza, Bi Mbithe."

Priscilla alifungua faili la Kirumbi. Wanafunzi mia moja na kumi na wawili. Walimu wanne, aliyesomea ualimu ni mmoja, mwalimu mkuu mwenyewe. Maabara: hakuna. Kwa kuwa walimu walikuwa wanne, masomo yalikuwa saba, na watahiniwa wote kumi na wanane walifanya hayo hayo saba. Nakala ya matokeo kutoka Nairobi ilikuwa bado Wundanyi, makao ya wilaya.

"Malalamiko yenye ushahidi lazima yafike Baraza la Mitihani Nairobi kabla ya Ijumaa tarehe kumi na mbili, saa kumi jioni," alisema. "Baada ya hapo nafasi za kidato cha tano zinafungwa, na matokeo yako yatabaki haya mpaka uzeeke. Tuna siku kumi. Ukinidanganya neno moja, sitakusaidia."

"Miezi mitatu nimekuwa nikiuza mkaa Mraru huku najua nimepita," Tryphena alisema. "Nikudanganye nipate nini?"

Jumatano tarehe 3, saa saba mchana, Priscilla alimkuta Reuben Kilonzo akila muhogo kivulini, nyuma ya shule ya msingi aliyofundisha mjini Voi. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa mtihani Kirumbi. Kama karatasi ilipotea, ilipotea mikononi mwake.

"Sijapoteza hata kipande," Reuben alisema. Alikuwa ameudhika, akaingia darasani akarudi na kijitabu cha nakala za kaboni. "Soma mwenyewe. Jiografia karatasi ya pili, tarehe tano. Watahiniwa kumi na wanane. Waliofika, kumi na saba. Karatasi kwenye bahasha, kumi na saba. Asiyefika, namba mbili. Karani wa posta alihesabu, akasaini."

"Namba mbili ni nani?"

"Namba mbili ni namba mbili. Dawati lilikuwa tupu."

"Mwalimu Kilonzo, ulipewa orodha yenye majina na namba ili kila asubuhi uite majina. Uliyaita?"

Reuben alitafuna polepole. "Mwalimu mkuu alisema watoto wa kule wakiitwa majina na mgeni wanaingiwa na hofu. Akasema atawahakiki yeye mwenyewe mlangoni, mimi nihesabu namba."

"Na nafasi ya jina kwenye karatasi zao ilikuwa tupu."

"Msahihishaji anatazama namba, Bi Mbithe."

"Siku saba uliona kanuni mbili zikivunjwa, ukala chakula cha mchana kwa mwalimu mkuu."

"Walichinja kuku mara moja tu," Reuben alisema.

Priscilla aliondoka na kurasa mbili za kaboni. Hakuna karatasi iliyopotea. Mtu mmoja kweli hakufika, na kiti chake kilikuwa namba mbili. Matokeo yalisema mtu huyo ni Tryphena. Tryphena alisema yeye ni namba moja. Mmoja kati ya karatasi na msichana alikuwa mwongo.

Alhamisi tarehe 4, saa kumi jioni, alimsubiri Zephaniah Mwandoe langoni mwa shule ya Kirumbi. Zephaniah, kijana wa miaka ishirini na minne, alifundisha Jiografia na Historia bila kusomea ualimu. Wanafunzi wawili walikuwa wamemwambia Priscilla kwamba mwezi wa tisa alimfukuza Tryphena darasani, akasema mbele ya wote kwamba atangoja aone kiburi hicho kitamfikisha wapi.

"Nilisema," Zephaniah alikubali. "Alinisahihisha. Nilichora Mto Tsavo ukienda upande usio wake. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi."

"Ukamfanyia nini?"

"Nikauchora upya. Bi Mbithe, ningekuwa mbaya kiasi hicho ningejua pa kuanzia? Sikuruhusiwa kukaribia chumba. Hedimasta alituweka sote watatu upande wa jikoni wiki nzima."

"Alhamisi ya tarehe tano Novemba, nani hakuja?"

"Danson. Danson Kituku, mtoto wa mwenyekiti wa shule. Alikuwa anaumwa, babake akapita hapa na pikapu asubuhi kumwambia hedimasta."

Priscilla alitoa nakala yake ya karatasi ya ubaoni, akamwonyesha jina la kwanza. Danson Kituku. Daraja la kwanza, pointi kumi na saba. Jiografia, gredi ya pili.

Zephaniah aliisoma mara mbili. "Nilidhani mwalimu mkuu alikosea kunakili, nikaogopa kuuliza. Danson hawezi kutofautisha Ziwa Chala na Ziwa Jipe hata ukimtumbukiza ndani. Katika majaribio alikuwa wa kumi na tano."

"Alikuwa wa kumi na tano, akapewa namba ngapi?"

"Mbili. Hedimasta alisema ni heshima kwa mwenyekiti. Wanafunzi walinung'unika. Kama angempa namba moja wangegoma. Hiyo ni ya Tryphena, hata wapishi wanajua."

Ijumaa tarehe 5, kitabu cha wagonjwa cha hospitali ya Voi kilithibitisha: 5 Novemba 1981, saa moja na dakika hamsini asubuhi, Danson Kituku, miaka 19, malaria, ameongezewa maji. Ameruhusiwa saa kumi jioni.

Danson mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa la babake, akipima misumari.

"Ulipata gredi ya pili katika Jiografia," Priscilla alisema.

Kijana aliona haya. "Hata mimi nilishangaa. Siku ya ramani nilikuwa na dripu mkononi. Nilidhani wamenionea huruma."

"Ulimwambia baba?"

"Alisema ninyamaze, nisimtukane Mungu aliyenibariki."

"Naona Mungu ana kazi nyingi Kirumbi," Priscilla alisema. Alinunua robo kilo ya misumari asiyoihitaji, akatoka.

Nakala ya Nairobi ilifika Jumatatu tarehe 8, saa tano asubuhi. Ilikuwa imepigwa taipu na ilikuwa na kitu ambacho karatasi ya ubaoni haikuwa nacho: namba. Mstari wa kwanza: 001, Danson Kituku. Mstari wa pili: 002, Tryphena Wakesho. Orodha hiyo ilitokana na fomu ya usajili ambayo mwalimu mkuu alijaza na kutuma mwezi wa tatu, 1981.

Sasa Priscilla aliona jinsi ilivyofanyika. Hakuna aliyegusa bahasha wala karatasi. Nairobi ilijua kwamba namba moja ni Danson. Chumbani namba moja alikaa Tryphena. Kila alichoandika msichana kilihesabiwa kuwa cha kijana, na malaria ya kijana ikahesabiwa kuwa ya msichana. Kama malaria ile ingengoja wiki mbili, hakuna ambaye angejua.

Afisa wa elimu, mkubwa wa Priscilla, alimpigia simu Hudson Mwakisha hapo hapo, akasikiliza, akaweka simu chini.

"Anasema msichana alikuwa namba mbili tangu mwanzo," alisema. "Kwa kiburi akajikalisha namba moja, akaandika namba isiyo yake. Kama alikosea namba, Bi Mbithe, hilo ni kosa lake. Baraza halitasikiliza."

"Na kama alipewa?"

"Thibitisha. Kwa karatasi, si kwa mdomo."

Priscilla alikaa na faili la Kirumbi hadi saa nane. Katika fomu ya mali ya shule, mstari wa madawati, Mwakisha alikuwa ameandika kila mwaka maneno yale yale: Hakuna. Wanafunzi huleta yao. Na namba za mtihani zilikuwa zimebandikwa juu ya madawati hayo.

Jumanne tarehe 9, saa tatu na nusu, alikuwa nyumbani kwa akina Tryphena, Mraru. Mamake, Mable, mjane na fundi wa nguo, alikuwa akishona sare. Cherehani yake ya mkono ilikuwa juu ya dawati lililofunikwa kitambaa cha plastiki.

"Hili ndilo dawati alilofanyia mtihani?"

"Ndilo. Siku ya mwisho nilikwenda nikalibeba kwa kichwa. Mwalimu mkuu alikuwa akizunguka na maji na kisu, anabandua makaratasi. Akaniambia, Mama, ngoja nilisafishe. Nikamwambia nina sare kumi na mbili za kushona, nitalisafisha mwenyewe."

"Ukalisafisha?"

"Nitoe wapi muda?"

Waliinua cherehani. Mable alivuta kitambaa. Kwenye kona ya kulia, chini ya vumbi la uzi, kulikuwa na karatasi iliyogandishwa kwa uji wa unga: 001, kwa wino mwekundu. Nusu ya muhuri wa mviringo wa shule ilikuwa juu ya karatasi, nusu nyingine juu ya mbao. Chini yake ilikuwa sahihi ya H. Mwakisha na tarehe: 30 Oktoba 1981.

Mable hakusoma Kiingereza, lakini tarakimu alizijua. Aliambiwa maana yake. Aliuliza, "Huyo mtu alikuja kwangu Krismasi akala. Aliniambia nimwombee binti yangu. Alijua wakati anakula?"

"Alijua tangu mwezi wa tatu mwaka jana."

"Basi sitaki mtu alibebe hili isipokuwa mimi."

Alhamisi tarehe 11 Machi, saa tano kamili, watu sita walikuwa katika ofisi ya mwalimu mkuu wa Kirumbi: Hudson Mwakisha; Obadiah Kituku, mwenyekiti wa shule, aliyeitwa kutoka Voi; Inspekta Musyimi wa polisi, aliyeletwa na Priscilla; Priscilla mwenyewe, Tryphena, na Mable. Dawati lilikuwa katikati. Viti vilikuwa viwili, hivyo inspekta alisimama.

"Mali ya shule imetoka vipi shuleni?" Obadiah aliuliza.

"Mali ya shule?" Mable alisema. "Mzee Kituku, hili alilichonga marehemu mume wangu kwa mbao za mgrevilia wetu. Shule yako haina hata kigoda cha kumkalisha askari."

Inspekta alikohoa. "Mwalimu, sahihi hii ni yako?"

Mwakisha alivaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Inafanana."

"Muhuri unakaa wapi?"

"Kwenye droo yangu."

"Ufunguo?"

"Ninao mimi."

"Na fomu hii ya usajili iliyosema 001 ni Danson Kituku, nani aliijaza?"

"Ofisi."

"Ofisi hii ina watu wangapi?"

"Mimi." Mwakisha alivua miwani. "Inawezekana nilichanganya namba wakati wa kuandika. Kazi ni nyingi."

"Hukuchanganya," Priscilla alisema. "Majina mengine niliyoyakagua yanalingana, namba kwa namba. Nilizungukia watahiniwa saba nikauliza. Ukakataza majina kwenye karatasi. Ukamzuia msimamizi asiite majina. Ukawafungia walimu jikoni. Matokeo yalipokuja, Baraza lilikutumia nakala mbili zilizopigwa taipu. Ukaziacha, ukakaa kuandika karatasi ya ubaoni kwa mkono ili namba zisionekane. Kuchanganya ni mara moja, Mwalimu. Hizi ni mara tano."

"Sasa kijana wangu ana kosa gani?" Obadiah alidakia. "Danson hajui kitu. Mwacheni mtoto."

Inspekta Musyimi aligeuka. "Hajui kitu gani, Mzee?"

Mwakisha alimtazama mwenyekiti wake, akaona kwamba hatasema tena, na akaanza kusema yeye.

"Danson alirudia kidato cha nne mara mbili. Mzee aliniambia asipopita safari hii atatafuta mwalimu mkuu mwingine. Akipita, atajenga maabara. Tukiwa na maabara, serikali itatupa walimu wawili wa sayansi. Mbao na mabati yapo nyuma ya duka lake, nimeyaona." Alimgeukia Priscilla, na sauti yake ikawa ya mtu anayetaka kueleweka. "Wewe unaijua shule hii kwenye fomu zako. Watoto mia moja na kumi na wawili. Mimi peke yangu nimesomea. Kila mwaka ninaandika barua ya walimu. Kila mwaka mnanijibu kwamba idadi haitoshi na matokeo hayatoshi. Na shule haikupoteza kitu. Gredi ni zile zile. Wastani ni ule ule. Msichana mmoja, kwa watoto mia moja na kumi na wawili. Wewe ni mtu wa hesabu. Hesabu."

"Nimehesabu," Priscilla alisema. Aliweka kalamu chini. "Katika miaka sita shule hii imetoa daraja la kwanza moja. Moja tu. Kitu pekee kilichothibitisha kwamba humu ndani kunafundishwa, wewe ulikichukua ukampa mtu aliyekuwa hospitali. Na wastani naujua, Mwalimu, mimi ndiye ninayeuandika. Ungetaka walimu ungemleta huyu mbele yetu."

"Angekwenda, angeolewa huko, asirudi," Mwakisha alisema. "Danson ni wa hapa."

Tryphena alisogea mpaka ukingo wa meza.

"Nilipokuja Jumatatu ile uliniambia ni mapenzi ya Mungu," alisema. "Ulinitazama usoni ukasema hivyo. Ukaniambia nirudie mwaka, nijiandikishe tena, kwa sababu kidato cha nne kina wanafunzi wachache na mimi ningekuinulia idadi. Ulitaka nikuandikie mtihani mwingine?"

Inspekta alimwuliza swali hilo hilo kwa maneno yale yale, akaandika kwenye daftari kwamba hakujibu.

Saa nane na dakika kumi Hudson Mwakisha aliandikisha na kusaini maelezo yake katika kituo cha polisi. Obadiah Kituku alikataa kusaini yake, akawekwa ndani. Saa kumi na moja jioni Zephaniah Mwandoe alileta ofisini kwa Priscilla madaftari manne ya Jiografia: mawili ya Tryphena, mawili ya Danson. Danson ndiye aliyemkabidhi yake, bila kuulizwa mara ya pili. Karatasi ya 001 haikubanduliwa. Fundi seremala alikata kona ya dawati kwa msumeno, Mable akiwa ameshika upande wa pili. Priscilla na Tryphena walipanda gari moshi la jioni kwenda Nairobi.

Ijumaa tarehe 12 Machi, saa nne na nusu asubuhi, afisa wa Baraza la Mitihani alipokea kipande cha mbao, madaftari manne, kurasa mbili za kaboni na maelezo ya mwalimu mkuu. Alimpa Tryphena karatasi tupu, akamwambia aandike aya moja kuhusu kilimo cha mkonge. Alikwenda nayo ghalani zilikowekwa karatasi za watahiniwa.

Alirudi saa nane na dakika hamsini akiwa na wenzake wawili. Mwandiko wa namba 001 katika masomo yote saba ulikuwa wa Tryphena Wakesho. Mwandiko wa namba 002 ulikuwa wa Danson Kituku, isipokuwa Jiografia ya pili, ambayo haikuwapo.

Saa tisa na dakika ishirini na tano fomu ya marekebisho iligongwa muhuri. Saa tisa na dakika hamsini na moja, dakika tisa kabla orodha haijafungwa, karani wa nafasi za kidato cha tano aliliandika jina la Tryphena Wakesho kwa kalamu, chini ya mstari wa mwisho uliopigwa taipu.